Koksidiosisi ya kuku: kwa nini kuhara damu hurudi baada ya dawa

Vifaranga wa wiki nne waliokuwa wakigombania chakula juzi, leo wamejikunyata pembeni. Manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu, na kwenye matandazo kuna kinyesi chenye damu. Mfugaji anachanganya dawa kwenye maji kwa siku chache, vifo vinakoma. Kundi linalofuata linaingia banda lilelile, na likifika wiki ya nne mambo ni yaleyale. Hapo lawama huanza kugawanywa: dawa ilikuwa bandia, vifaranga walitotolewa wakiwa wagonjwa, chakula kilikuwa kibovu.

Vifaranga, angalau, hawana hatia. Koksidiosisi haipiti kwenye yai. Kifaranga anayetoka kwenye mashine ya kutotolea huwa hana kimelea hata kimoja cha ugonjwa huu tumboni, huvikuta bandani. Dawa nayo yaweza kuwa ilifanya kazi yake sawasawa. Ugonjwa huu unarudi kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake iko nje ya kuku, mahali ambapo dawa ya kunywesha haifiki. Mfugaji anayetibu kuku na kuyaacha matandazo kama yalivyo anapigana na nusu tu ya adui.

Kinachotokea sakafuni

Wahusika ni vimelea vya jamii ya Eimeria, viumbe wa seli moja. Si bakteria, si virusi, wala si minyoo. Dawa ya minyoo haivigusi, na antibayotiki kama oksitetrasaiklini haiviui, ingawa watu huendelea kuzinunua kila wanapoona kuku wameharisha.

Kuku aliyeambukizwa hutoa pamoja na kinyesi chake chembe ndogo zenye ganda gumu ziitwazo oosisti. Ya Eimeria tenella ina urefu wa takribani mikromita 22, maana yake ukizipanga mstari, zaidi ya arobaini zinaingia ndani ya milimita moja. Huwezi kuziona, huwezi kuzifagia zote, na huweza kudumu kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa miezi mingi.

Lakini oosisti iliyotoka tumboni muda huu haiwezi kumwambukiza kuku yeyote. Ni lazima kwanza ikomae, na ili ikomae inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: joto, unyevu na hewa. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, ukomavu huo huchukua kati ya saa 24 na 48. Ndani ya ganda, kimelea hujigawa hadi kupata vijidudu vinane vilivyo tayari kushambulia. Kama matandazo ni makavu, au kinyesi kimeondolewa kabla ya siku hizo mbili kwisha, au kuku anaishi juu ya sakafu ya wavu ambapo kinyesi kinaanguka chini asikoweza kukidonoa, basi mnyororo umekatika. Hicho ndicho kipindi cha kwanza cha kukumbuka: siku moja hadi mbili.

Kinachotokea tumboni

Kuku hudonoa sakafuni siku nzima, na kwa kudonoa huko humeza oosisti zilizokomaa. Firigisi husaga ganda, kisha nyongo na vimeng'enya vya utumbo huviachia huru vijidudu vile vinane. Kila kimoja hujipenyeza ndani ya seli ya ukuta wa utumbo, huzaliana humo, na seli hupasuka. Vilivyotoka huingia kwenye seli nyingine, navyo huzaliana na kupasua. Mizunguko hiyo huwa miwili, mitatu au minne kutegemea aina ya kimelea. Mwishoni hutokea vya kiume na vya kike, huungana, na oosisti mpya zinarudi kwenye kinyesi. Tangu kumeza hadi kutoa ni siku nne hadi saba, na oosisti moja iliyomezwa inaweza kuzaa makumi ya maelfu. Kipindi cha pili ndicho hicho.

Unganisha vipindi hivyo viwili uone kinachoendelea kwenye bruda, yaani chumba cha kulelea vifaranga kwa joto. Siku ya kwanza vifaranga wachache wanameza oosisti chache zilizobaki kutoka kundi lililopita. Karibu na siku ya sita wanaanza kutoa mpya. Kufikia siku ya nane hizo zimekomaa na wenzao wanazimeza, safari hii kwa maelfu. Wiki moja baadaye tena, matandazo yaleyale yamebeba idadi isiyohesabika, na kifaranga anameza kwa siku moja kiasi ambacho utumbo wake hauwezi kustahimili. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupenda kulipuka kati ya wiki ya tatu na ya sita. Mfugaji huona mlipuko wa ghafla, kumbe ulikuwa unapikwa chini ya miguu ya vifaranga tangu siku waliyoingia.

Kuna jambo ambalo naliona ndilo muhimu kuliko yote, na halisemwi vya kutosha: maambukizi haya hujiishia yenyewe. Mizunguko ya kimelea ndani ya kuku ina kikomo. Kuku aliyemeza mara moja, asimeze tena, huvimaliza kabisa mwilini baada ya wiki moja na kitu hata bila dawa, na utumbo hujikarabati. Kinachoamua kama atapona bila mtu kujua au atakufa ni idadi aliyomeza. Waliomeza kidogo hupata kinga. Waliomeza nyingi kwa mpigo huharibiwa utumbo kabla kinga haijajengeka. Kimelea ni kilekile.

Kwa hiyo lengo la kufuta kila oosisti bandani halifikiki, na hata lingefikika lisingekuwa na manufaa kwa kuku wa kukaa muda mrefu. Lengo ni kuipunguza dozi.

Aina saba, na nyingi hazitoi damu

Kuku ana aina saba za Eimeria zinazotambulika, na kila moja ina mahali pake inapopenda. Eimeria tenella hukaa kwenye ile mifuko miwili iliyo mwishoni mwa utumbo, na ndiyo hasa inayoleta damu mbichi kwenye kinyesi. Eimeria necatrix hushambulia utumbo mwembamba sehemu ya kati. Ni katili, na kwa kuwa huzaliana polepole zaidi, kwa kawaida hugonga kuku wakubwa kidogo, wa miezi miwili hadi mitatu. Eimeria brunetti hukaa sehemu ya mwisho ya utumbo. Eimeria acervulina iko mwanzoni, Eimeria maxima katikati, na Eimeria mitis na Eimeria praecox huonekana kuwa pole kuliko wenzake.

Hizi zisizotoa damu ndizo zinazokula faida kimyakimya. Kuku anakula vilevile lakini haongezeki uzito, kundi linakuwa la ukubwa usiolingana, miguu na upanga vinapauka kwa kuwa utumbo uliojeruhiwa haunyonyi rangi wala virutubisho kutoka kwenye chakula, kinyesi kinakuwa chepesi chenye ute au vipande vya chakula kisichosagika. Hakuna anayekufa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Juu ya jeraha hilo la utumbo huja bakteria Clostridium perfringens, hasa pale Eimeria maxima ilipopita, na kuleta ugonjwa wa kuoza kwa utumbo ambao unaua haraka. Hapo antibayotiki ina kazi. Kwa koksidia wenyewe, yaani hivi vimelea vya Eimeria, haina.

Njia ya uhakika ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiomba ni kupasua kuku aliyekufa muda si mrefu, afadhali wawili au watatu, mbele ya mtaalamu wa mifugo. Mifuko ya mwisho ikiwa imejaa damu, au imejaa bonge gumu la damu iliyoganda lililochanganyika na uchafu mweupe, ni Eimeria tenella. Michirizi myeupe iliyokaa kwa kukingama kama vipago vya ngazi mwanzoni mwa utumbo ni Eimeria acervulina. Ute wa rangi ya chungwa na utumbo uliovimba katikati huelekeza kwa Eimeria maxima. Utumbo uliofura na wenye vidoa vyeupe na vyekundu vinavyoonekana hata kwa nje kabla hujaupasua ni dalili ya Eimeria necatrix. Kupima kinyesi kwa hadubini husaidia, ila kukuta oosisti peke yake hakuthibitishi kitu, maana kuku wazima karibu wote wanaofugwa sakafuni huwa nazo.

Na tafadhali, si kila kinyesi cheusi au cha kahawia ni ugonjwa. Kuku mzima hutoa mara kadhaa kwa siku kinyesi laini, cha kunata, cha rangi ya chokoleti na chenye harufu kali kutoka kwenye mifuko ile ya mwisho. Wengi wametibiwa koksidiosisi kwa sababu ya kinyesi hicho.

Matandazo

Chukua konzi ya matandazo uyakamue mkononi, kisha fungua kiganja. Yakisambaratika yenyewe, hali ni nzuri. Yakibaki bonge, banda lako linakomaza oosisti. Jaribio hilo halihitaji kifaa na linapaswa kufanywa kila siku, hasa kuzunguka vyombo vya maji, maana huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Unyevu mwingi bandani hutoka kwenye maji yanayomwagika. Chombo kilicho chini sana hupigwa teke na kujazwa uchafu; ukingo wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku, naye akalazimika kunyoosha shingo kidogo, umwagikaji hupungua sana. Kadiri kuku wanavyokua, chombo nacho kipande. Matandazo yaliyolowa yaondolewe siku hiyohiyo na kuwekwa makavu mahali pake. Ukikumbuka saa 24 hadi 48, utaelewa kwa nini kusubiri mwisho wa wiki ni kuchelewa. Mengine yageuzwe ili yakauke. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku itoe mvuke, hata wakati wa baridi. Kuziba banda lote ili vifaranga wapate joto huku matandazo yanatota ni kubadilishana tatizo moja kwa lingine kubwa zaidi. Chakula kiwekwe kwenye vyombo ambavyo kuku hawezi kuingia na kunya ndani, kamwe kisimwagwe sakafuni kwa vifaranga. Msongamano nao unahesabika: kuku wakiwa maradufu kwenye eneo lilelile, kinyesi ni maradufu, unyevu ni maradufu.

Vifaranga wasikae na kuku wakubwa. Kuku mkubwa mwenye kinga anaweza kuendelea kutoa oosisti kidogokidogo bila kuonyesha dalili yoyote, na hizo zinatosha kuanzisha mzunguko kwa wadogo. Anayehudumia aanze kwa wadogo ndipo aende kwa wakubwa, na viatu vya banda la wakubwa visiingie bruda. Inzi, mende, panya na sepetu hubeba oosisti vilevile. Mbuzi, sungura na bata, kwa upande mwingine, wana koksidia wao ambao hawamwambukizi kuku, na wa kuku hawamwambukizi binadamu.

Kuhusu dawa za kuua vijidudu, ukweli unasikitisha: nyingi zinazotumika kupulizia mabanda haziui oosisti. Maabara huosha oosisti kwa klorini makusudi ili kuua bakteria walioshikamana nazo, na zenyewe hutoka salama. Vinavyoziua ni ukavu, joto linalozidi nyuzi 56, na amonia. Kwa hiyo kati ya kundi moja na lingine, kinachofanya kazi kubwa ni kutoa matandazo yote, kukwangua, kuosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha kuliacha banda likauke kabisa na jua liingie. Sakafu ya saruji inaweza pia kupitishiwa moto wa gesi kwa uangalifu. Anayetumia amonia afanye hivyo bandani kukiwa hakuna kuku, madirisha wazi, akiwa amejikinga, na asiichanganye kamwe na klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Mlipuko ukitokea

Kwa Eimeria tenella, damu huonekana kama siku ya tano baada ya kuku kumeza. Maana yake ni kwamba dawa unayoanza leo inamkuta kuku huyo akiwa ameshajeruhiwa. Wanaonufaika zaidi ni wenzake walio siku mbili au tatu nyuma yake. Hivyo kundi lote hutibiwa, si wale waliojikunyata peke yao, na vifo vichache vya siku mbili za mwanzo si ushahidi kwamba dawa ni mbovu.

Dawa hutolewa kwenye maji kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula mapema lakini huendelea kunywa. Inayotumika sana ni amproliamu. Inafanana na vitamini B1, kimelea huipokea kikidhani ni vitamini hiyo na kushindwa kuendelea. Kipimo cha kawaida ni miligramu 120 za kiambata chenyewe kwa kila lita ya maji kwa siku tatu hadi tano, hadi miligramu 240 mlipuko ukiwa mkali, kisha miligramu 60 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti: unga wenye amproliamu asilimia 20 unahitaji gramu 0.6 kwa lita ili kupata miligramu 120. Kijiko cha kukisia kimeharibu matibabu mengi. Kwa kuwa dawa inashindana na vitamini B1, mchanganyiko wa vitamini wenye B1 usitolewe siku hizohizo za dozi kamili. Vitamini A na K zinafaa, moja kwa kukarabati utumbo, nyingine kwa kusaidia damu kuganda.

Toltrazurili hushambulia hatua nyingi zaidi za kimelea na hutolewa miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa kuku, siku mbili mfululizo. Dawa za salfa hufanya kazi pia, ila zikizidishwa dozi au siku huumiza figo na kusababisha kuku kuvuja damu ndani, jambo ambalo mfugaji hulichukulia kuwa ugonjwa umezidi na kuongeza dozi tena. Toltrazurili na salfa zisipewe kuku ambao mayai yao yanaliwa. Kwa dawa yoyote, muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai umeandikwa kwenye lebo. Unamlinda mlaji, nao ufuatwe.

Dawa ichanganywe mpya kila siku, na kusiwe na maji mengine bandani. Na siku hiyohiyo ya kwanza, matandazo yaliyolowa yatolewe. Ukinywesha dawa juu ya matandazo yanayotota, siku dawa itakapokwisha kuku watadonoa upya kile walichokitoa wiki iliyopita.

Dawa ndani ya chakula, au chanjo

Mwaka 1939 P. P. Levine alionyesha kwamba salfanilamidi inadhibiti koksidiosisi ya kuku, na kufikia 1948 sulfakwinoksalini ilikuwa inachanganywa kwenye chakula kama kinga. Tangu hapo hadithi imejirudia: dawa mpya inakuja, inafanya maajabu, inatumika kila mahali mfululizo, vimelea vinaizoea. Monensini, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1971, na ndugu zake kama salinomisini na lasalosidi zimedumu kuliko nyingine. Sababu moja ni kwamba haziui vyote. Zinaacha vichache vipite, na hivyo vichache vinamfundisha kuku kinga. Wafugaji wakubwa hubadilisha aina ya dawa kati ya chakula cha kuanzia na cha kumalizia, au kati ya kundi na kundi, ili vimelea visipate muda wa kuizoea moja.

Kwa kuku wa nyama anayechinjwa kabla ya wiki ya saba, mpango huo unatosha, kwa sharti kwamba chakula cha siku za mwisho hakina dawa inayohitaji muda wa kusubiri. Kwa kuku wa mayai mambo ni tofauti kabisa. Anahitaji kinga ya kumfikisha mwaka mzima na zaidi, na kinga haiji bila kukutana na kimelea. Mitetea waliokuzwa kwenye chakula chenye dawa kali muda wote, au juu ya wavu wasikogusa kinyesi, wakihamishiwa kwenye sakafu ya matandazo wanapokaribia kutaga, wanaweza kulipukiwa na ugonjwa wa vifaranga wakiwa wakubwa. Kinga yenyewe ni ya aina moja moja: aliyezoea Eimeria maxima bado ni mgeni kwa Eimeria tenella. Gumboro na Mareksi, ambazo hudhoofisha kinga ya mwili, hufanya hata kundi lililokuwa salama liugue, kwa hiyo chanjo za magonjwa hayo ni sehemu ya kudhibiti koksidiosisi.

Chanjo ya koksidiosisi yenyewe ipo tangu 1952, ilipoanzishwa na S. A. Edgar huko Marekani. Ni oosisti hai kwa idadi ndogo iliyopimwa, hupuliziwa vifaranga wa siku moja au kuwekwa kwenye chakula au maji. Baadhi ya chanjo za baadaye hutumia vimelea vilivyochaguliwa kwa kukomaa mapema ili visizaliane sana tumboni. Kinga hujengeka baada ya mizunguko miwili au mitatu kupitia matandazo, kama wiki tatu hivi. Hapa kuna mtego: matandazo makavu kupita kiasi, au kuyabadilisha yote ndani ya wiki hizo, huikata chanjo kama unavyoukata ugonjwa. Yawe na unyevunyevu kidogo, wa asilimia 20 hadi 25. Na chakula cha vifaranga waliochanjwa kisiwe na dawa ya koksidia, kwani itaiua chanjo. Muulize anayekuuzia chakula kabla hujachanja, si baada.

Chakula chenye monensini au jamaa zake kitunzwe mbali na farasi na punda. Kiasi kidogo kinawaua. Na kundi linalokula chakula hicho lisipewe tiamulini kutibu mafua, kwani dawa hizo mbili zikikutana mwilini monensini inageuka sumu kwa kuku mwenyewe.